Muulize Mwalimu: "Tumeelewana?" "Ndiyooo, mwalimu!"

Ripoti za muhula zimetoka, na barua za mwezi huu karibu zote zinauliza habari za alama. Wazazi wanauliza, walimu wanauliza, na safari hii kaniandikia hata mtoto mmoja. Nilianza kufundisha shule ya msingi mwaka 1981, nikastaafu 2016. Nimepita Handeni, Muheza na mwisho Korogwe. Nimesahihisha madaftari kwa chemli, kwa umeme na kwa tochi ya simu. Nitajibu kwa yale niliyoyaona darasani.

*

*Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la tatu huku Kahama, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Nina wanafunzi 118 katika chumba kimoja. Chuoni tulifundishwa upimaji endelevu, mkoba wa kazi wa kila mtoto, orodha hakiki na mengine mengi. Lakini nikisahihisha zoezi moja tu la Hisabati nakesha, na asubuhi naingia mada mpya kwa sababu azimio la kazi, ile ratiba ya mada za muhula, linanikimbiza. Nikiwauliza kama wameelewa wanajibu ndiyo. Jaribio likija, nusu wanapata sifuri. Nifanyeje?*
*Mwalimu wa Hisabati, Kahama*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi. Watoto 118 ni wengi, na sina mbinu ya kuwafanya wawe 40. Ila barua yako ina sentensi moja iliyonirudisha mbali: "Nikiwauliza kama wameelewa wanajibu ndiyo."

Mwaka 1983 nilikuwa na darasa la pili lililosoma kama kwaya. Nikisema ukurasa wa 14, vitabu vinafunguliwa, kitabu kimoja watoto watatu, na sauti inatoka moja mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza. Siku alipokuja mkaguzi sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Alimwita msichana wa dawati la mbele, akamfungulia ukurasa ule ule, mtoto akausoma wote bila kukosea. Kisha mkaguzi akafunika maandishi kwa viganja vyake, akaacha neno moja tu la katikati, akamwuliza: hili ni neno gani? Mtoto akaanza upya tangu mwanzo wa ukurasa, kwa sauti ile ile, akilitafuta lile neno kwa mdomo. Hakujua kusoma. Alikuwa amekariri, na aliyemkaririsha ni mimi. Tulipotoka nje mkaguzi aliniambia: "Mwalimu, hawa umewaimbisha, hujawauliza." Usiku ule sikulala.

Tangu siku hiyo niliacha kuuliza "tumeelewana?" Ile ndiyooo ndefu ni adabu ya watoto wetu, wanamwitikia mkubwa. Ukitaka kujua kama wameelewa kutoa kwa kukopa, andika ubaoni 52 − 27 na usiseme kitu. Kila mtoto afanye kwenye kibao chake kidogo, ukihesabu tatu wote wainue. Sisi tulivipata vibao kwa fundi seremala, mabaki ya mbao nyembamba, tukavipaka rangi nyeusi ya ubao. Kama huna, tumia vidole. Andika majibu matatu ubaoni. Jibu la kwanza kidole kimoja, la pili viwili, la tatu vitatu. Wafumbe macho na waweke mkono kifuani, jirani asione. Ndani ya dakika moja utakuwa umeona mikono 118, na hakuna daftari ulilobeba kwenda nalo nyumbani.

Sasa angalia majibu yenyewe. Wengi wataandika 25, na ndiyo sahihi. Lakini kundi kubwa litaandika 35. Usiliite kundi hilo la wajinga. Mtoto aliyeandika 35 ametoa 2 kwenye 7 akapata 5, kwa sababu kila siku tunamwambia "ndogo toa kwenye kubwa." Kisha 5 toa 2, akapata 3. Amefuata kanuni, ila kanuni aliyoishika si yenyewe. Mwingine ataandika 79. Huyo amejumlisha, huenda hata alama ya kutoa hakuiona. Mwingine 11, na huyo inabidi ukae naye peke yake. Ukiweka mkasi wa wino mwekundu, ile X ya kukosa, juu ya wote watatu na sifuri chini, umewafanya kuwa mtoto mmoja, wakati kila mmoja anahitaji dawa yake.

Kuhusu kukesha: hesabu nawe. Daftari moja dakika moja, 118 ni karibu saa mbili, na hiyo ni kama humwandikii mtoto neno lolote. Usisahihishe yote kila siku. Siku mbili kwa wiki kusanya yote; siku nyingine chukua 20 tu, ukichanganya safu ya mbele, ya katikati na ya nyuma karibu na dirisha, maana nyuma ndiko wanakojificha. Usianze na kalamu. Yasome kwanza, uyapange mafungu matatu sakafuni: walioweza, waliokosea kosa la namna moja, na waliopotea kabisa. Fungu la katikati ndilo andalio lako la kesho. Wale wa 35 nitawapa vijiti: vifurushi vitano vya kumikumi na vijiti viwili pembeni, niwaambie wanipe 27. Watafungua kifurushi wenyewe. Siku nyingine nilitumia vifuniko vya soda, lakini vijiti vinafaa zaidi kwa sababu vinafungika.

Waliopotea kabisa huwezi kuwaokoa wote kwa siku moja. Ita sita kila siku, wakati wengine wanafanya zoezi, uwasikilize mmoja mmoja. Watoto 118 kwa sita kwa siku ni siku 20 za shule, yaani kama mwezi mmoja umemsikia kila mmoja kwa masikio yako. Weka daftari kubwa, kila mtoto ukurasa wake, uandike ulichokiona, si alama peke yake. Mimi niliandika mambo kama haya: "Anasoma *ba, be, bi*. Akifika *mb* na *nd* anakwama. *Ng'ombe* anasoma *gombe*." Mwalimu mwingine akilichukua darasa hata katikati ya mwaka, anajua aanzie wapi. Ule mkoba wa kazi uliofundishwa chuoni ndio huu, umepungua ukafika saizi ya chumba chako.

Na azimio la kazi likikukimbiza, huku theluthi mbili ya darasa wako kwenye fungu la 35, usiende mbele. Chukua madaftari 20 yale, nenda nayo kwa mwalimu wa taaluma, yule anayesimamia masomo shuleni, mwoneshe. Mitaala iliyoboreshwa iliyoanza Januari 2024 inadai umahiri wa mtoto. Hakuna umahiri kwa mtoto aliyerukishwa mada. Mimi niliwahi kugombezwa kwa kuchelewesha mada. Sijutii.

*

*Shikamoo Bibi Mwalimu. Mwanangu wa darasa la tano muhula uliopita alipata wastani wa 58, akawa wa 20 kati ya watoto 96. Muhula huu amepata 71, lakini amekuwa wa 47. Baba yake anasema ameporomoka na amemfungia mpira. Mimi naona alama zimepanda. Nani yuko sawa?*
*Mama watatu, Mbagala*

Marahaba mama. Mtoto arudishiwe mpira leo, kabla hujamaliza kusoma jibu hili.

Nafasi inasema habari za watoto 95 wengine. Inawezekana mtihani wa safari hii ulikuwa mwepesi, wote wakapanda, na wako akapanda kidogo kuliko wenzake. Inawezekana darasa zima limefundishwa vizuri. Kwa nafasi peke yake huwezi kutofautisha. Mtihani wa kumaliza darasa la saba wenyewe hautoi daraja kwa kupanga foleni: katika somo la alama 50, mwenye 41 hadi 50 ana A, hata kama wenye A wamejaa shule nzima. Na Baraza la Mitihani, tangu matokeo yaliyotolewa Januari 2023, liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa.

Ila na wewe mama usitulie kwa ile 71. Wastani ni pazia. Mtoto mwenye Kiswahili 92 na Hisabati 38 ana wastani wa 65, na kwenye ripoti anaonekana yuko salama. Omba karatasi za mitihani zenyewe, si ripoti tu. Kaeni mezani, wewe, baba yake na mtoto, mfungue karatasi ya somo lililo chini kabisa. Mwulize mtoto: hapa ulifikiri nini? Usiulize "kwa nini umekosa", maana akisikia hivyo ataanza kujitetea na hutajua kitu. Akikueleza alivyofikiri, utaona mwenyewe kama hakujua, au alijua akakosea kuandika, au swali hakulielewa.

Kisha nenda shule na karatasi hiyo mkononi. Kama mwalimu ameandika "jitahidi zaidi", mwombe kwa upole akwambie ajitahidi katika nini. Nimeandika "jitahidi" kwenye madaftari maelfu, na leo najua haikumsaidia mtoto hata mmoja. Aliyeandikiwa "rudia namba 4 na 7, umesahau kubadili mita kuwa sentimita" alijua pa kushika.

Mwambie na mzee wa nyumba nimemsalimu. Ana uchungu na mwanawe, naelewa.

*

*Habari za siku Mwalimu. Niko Sumbawanga, nafundisha Baiolojia kidato cha kwanza katika shule ya kata. Wanafunzi wamesoma kila kitu kwa Kiswahili hadi darasa la saba, hapa mtihani ni Kiingereza. Nikiwauliza kwa Kiswahili mmea unapataje chakula wananieleza vizuri. Nikiuliza swali lile lile kwa Kiingereza, wananakili maneno ya swali kuwa jibu. Wamefeli Baiolojia au wamefeli lugha? Na nikimpa alama aliyejibu kwa Kiswahili, nimekosea?*
*Mwalimu kijana, Sumbawanga*

Nzuri mwanangu. Mimi sekondari sikufundisha, lakini nimekaa na mjukuu wangu mezani akiwa kidato cha kwanza, na nililia. Mtoto aliyekuwa akinieleza usanisinuru tangu darasa la sita, mwanga wa jua, maji, hewa ya ukaa, yote, alikuwa ameandika kwenye daftari swali zima upya kwa mwandiko mzuri, akachora mstari chini, akahama swali la pili. Kapewa mkasi. Mwalimu wake hakuwa na njia ya kujua kwamba ndani ya kichwa kile jibu lipo.

Kwa hiyo umeuliza swali zito, na jibu langu ni kwamba unapima vitu viwili kwa rula moja. Vitenganishe. Chora safu mbili kwenye rekodi yako: moja ya Baiolojia, moja ya lugha ya Baiolojia. Katika zoezi la kawaida la darasani, ambalo lengo lake ni wewe kujua uendelee au urudi nyuma, mpokee kwa njia yoyote anayoweza kukuonesha. Achore jani na kuweka mishale ya kinachoingia na kinachotoka. Apande maharage mawili kwenye chupa za maji zilizokatwa, moja dirishani na moja kabatini, akueleze siku ya saba kwa nini ile ya kabatini imerefuka na kupauka. Aeleze kwa Kiswahili kwanza, kwa mdomo. Hapo ndipo safu ya kwanza inapojazwa.

Safu ya pili ijaze polepole. Mada moja, maneno kumi, yaandikwe ukutani pamoja na ndugu zao wa Kiswahili. Kisha sentensi zenye mapengo. Kisha sentensi mbili zake mwenyewe, hata zikiwa zimevunjika. Na kuna kundi la maneno tunalolisahau: yale ya kuamrisha kwenye swali. Eleza, taja, linganisha, toa sababu. Mtoto anaweza kuijua mada nzima akashindwa kwa kutojua kwamba kaambiwa alinganishe, akaorodhesha. Hayo yafundishe wiki ya kwanza, na uyarudie kila jaribio.

Umekosea kumpa alama? Kwenye zoezi la darasani, hapana. Lakini usimfiche ukweli. Mwambie waziwazi: "Baiolojia unaijua, umepata saba kati ya kumi. Kuiandika kwa Kiingereza bado, umepata mbili. Upimaji wa kidato cha pili utakukuta na hii ya pili, basi tuifanyie kazi." Mtoto akisikia kwamba anajua kitu, anapata nguvu ya kupambana na kile asichokijua. Aliyepewa mbili tupu anajiona hana akili ya sayansi, na akishajiona hivyo akiwa na miaka 14, kumrudisha ni kazi.

*

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa taaluma mkoani Mtwara. Walimu wangu wanatunga maswali ya kuchagua tu, kwa sababu ni rahisi kusahihisha na ndiyo mengi kwenye mtihani wa darasa la saba. Nahisi watoto wanabahatisha. Tuyaache?*

Marahaba. Msiyaache, yatungeni vizuri.

Kubahatisha kupo, na kunahesabika: maswali 40 yenye majibu matano kila moja, asiyejua chochote kwa wastani atapata nane. Kwa hiyo nane kati ya 40 isikufurahishe. Lakini kasoro kubwa iko kwenye majibu ya uongo. Mwalimu aliyechoka anaandika jibu sahihi, halafu anajaza namba zozote. Mtoto akikosa, hujui kwa nini.

Chukua swali hili: basi liliondoka Korogwe saa 2:40 asubuhi, likafika Tanga saa 4:15. Lilitumia muda gani? Jibu ni saa 1 na dakika 35. Sasa yale mengine yatunge kutoka kwenye makosa ambayo watoto huyafanya kweli. Weka saa 2 na dakika 25: huyo ni yule wa "ndogo toa kwenye kubwa", ambaye darasa la tatu hakusaidiwa. Weka saa 1 na dakika 75: huyo alikopa mia badala ya 60. Weka saa 6 na dakika 55: huyo alijumlisha. Mkimaliza kusahihisha, msiishie kwenye idadi ya waliopata. Hesabuni ni wangapi walichagua kila jibu la uongo. Kama watoto 30 wamechagua dakika 75, mwalimu wa darasa la tano anajua Jumatatu anafundisha nini: kwamba saa ina dakika 60 na haikopeshi mia.

Na kila jaribio liwe na walau maswali mawili ambayo mtoto anaonesha njia. Hayo ndiyo utakayojifunza nayo zaidi.

*

*Bi Mwalimu, salaam kutoka Kilifi. Mimi nilisoma 8-4-4, mfumo wa zamani wa Kenya, nikapata alama zangu za KCPE, mtihani wa darasa la nane, kati ya 500 nikajua nimesimama wapi. Ripoti ya binti yangu wa Gredi ya Tano imeandikwa "anakaribia matarajio." Hii ni kufaulu au kufeli?*
*Mzazi, Kilifi*

Aleikum salaam mwanangu. Dada yangu ameolewa Mombasa, na wajukuu zake wameniletea ripoti hizo hizo, kwa hiyo nimezisoma.

Si kufaulu wala kufeli. Kuna ngazi nne: kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, na kuwa mbali. Binti yako yuko ngazi ya tatu kutoka juu: ameanza kushika, hajashika sawasawa. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Tathmini ya Gredi ya Sita, KPSEA, iliyoanza 2022, ilipangwa hivi: kazi za shuleni za Gredi ya Nne, Tano na Sita zibebe asilimia 60, na ule mtihani wa mwisho asilimia 40. Maana yake kazi anayofanya mwaka huu ina uzito. Si ya kupitisha siku.

Upungufu wa neno "anakaribia" ni kwamba halikuambii anakaribia wapi. Mwulize mwalimu wake ujuzi gani hasa. Akikwambia "Hisabati", mwombe ashuke zaidi: ni sehemu, ni vipimo, ni kugawanya? Akikwambia "hajaweza kulinganisha nusu na robo tatu", hilo mnaweza kulimaliza nyumbani na chapati.

*

*Mwalimu mwenzangu mstaafu, salamu. Enzi zetu, baada ya Azimio la Musoma, mtoto alipimwa kwa kazi zake za miaka yote. Mbona leo kila kitu ni mtihani? Tulirudi nyuma lini?*
*Mstaafu, Dodoma*

Salamu nimezipokea. Umenikumbusha chuo. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikaa Musoma Novemba 1974, mwaka mmoja tu baada ya sheria iliyounda Baraza la Mitihani, ikasema mtihani mmoja wa mwisho usiwe hakimu peke yake. Kuanzia 1976 maendeleo ya mwanafunzi shuleni, pamoja na kazi na mwenendo wake, yakaanza kuhesabiwa. Wazo lile nililipenda na bado nalipenda.

Lakini nitakwambia kilicholiumiza, maana nilikuwepo. Katika shule moja niliyofundisha, wiki moja kabla ya wakaguzi, tulikaa ofisini walimu watano tukijaza rekodi za maendeleo za muhula mzima kwa kukisia. Huyu mpe saba, yule mpe sita, huyu mtundu mpe nne. Niliwaandikia alama watoto ambao kazi hiyo hawakuwahi kuifanya. Nilijua ni uongo na niliandika. Alama ya namna hiyo ikienda juu kuhesabiwa, mkubwa gani ataiamini? Na mzazi wa mtoto aliyefanya kazi kweli atasema nini?

Upimaji wa mwalimu ukitaka kuheshimiwa sawa na mtihani, lazima uwe na ushahidi: kazi yenyewe ipo, tarehe ipo, na mwalimu mwingine akiisahihisha kwa mwongozo ule ule anapata alama inayokaribiana na yako. Huko Korogwe mwishoni tulibadilishana madaftari kumi kila mwezi, mimi na mwalimu wa mkondo B. Mara ya kwanza tulipishana sana, insha niliyoipa nane yeye kaipa tano. Tukabishana, tukaandika pamoja tunatafuta nini kwenye insha, na baada ya miezi mitatu tofauti ikawa alama moja. Hakuna aliyetuagiza. Ingeanza hivyo shule nyingi, ndugu yangu, tungekuwa mahali pengine.

*

*Shikamoo Bibi. Mimi niko darasa la sita. Mwalimu akiuliza mmeelewa, wote wanasema ndiyo, na mimi nasema ndiyo, lakini sijaelewa. Naogopa watanicheka. Nifanyeje?*

Marahaba mjukuu wangu. Nimeisoma barua yako mara tatu. Wewe siyo peke yako. Wengi wa wanaosema ndiyo hapo darasani wako kama wewe, nimewaona miaka 35.

Usilazimike kusimama. Mwalimu akimaliza somo, andika kwenye kipande cha karatasi mstari mmoja: mahali ulipoishia kuelewa. Usiandike "sijaelewa", maana hatajua aanzie wapi. Andika hivi: "Nilielewa mpaka pale tulipotafuta asili ya pamoja, halafu sikujua ile 12 imetoka wapi." Ukipeleka madaftari mezani kwake, kiweke ndani ya daftari lako. Mwalimu mwema akikikuta atafurahi, kwa sababu umempunguzia kazi ya kutafuta. Kama hakujibu siku hiyo, mfuate wakati wa mapumziko, umwamkie, umwoneshe mstari ule ule.

Na wewe mwalimu unayesoma barua hii ya mtoto, weka boksi la viatu mlangoni, lenye tundu juu. Kila Ijumaa kila mtoto atumbukize karatasi yake, bila jina akitaka. Zisome jioni hiyo hiyo.